Ruzuku: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Miongoni mwa istilahi za kilimo zinazotumika mno katika matangazo ya Serikali, ni chache zinazohitaji kuchunguzwa upya kuliko ruzuku. Hapa Mchikichini, mtaa uliopata jina kwa mti wa mchikichi ingawa leo ni mtaa wa soko, na jirani yake Kariakoo, neno hili limo vinywani mwa mwuza mbegu, mchukuzi na msafiri arudiye shamba. Kila mmoja hulielewa kwa namna yake, na kosa si lao.

Asili yake yajulikana. Ruzuku na riziki zatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Mungu humruzuku mja wake. Mja hadai, hushukuru. Lugha ya utawala ililichukua neno hilo ikalipa maana ya fedha za umma. Hatupingi hatua hiyo. Tunalopinga ni kulitwika dhana zisizolingana.

Tutazame mifano mitatu. Katika mpango wa vocha ulioanza msimu wa 2008/09, mkulima alipewa hati iliyogharimia takriban nusu ya bei ya pembejeo za ekari moja. Iliyobaki aliilipa mwenyewe. Msimu wa 2017/18, wakulima wa korosho waligawiwa salfa bila malipo. Msimu wa 2022/23, mkulima aliyesajiliwa alinunua mbolea kwa bei iliyopunguzwa: mfuko wa kilo 50 wa Urea uliuzwa kwa shilingi 70,000 badala ya zaidi ya 120,000, na tofauti ikawa ni deni la Serikali kwa mfanyabiashara. Hati, mgao na punguzo, yote yaliitwa ruzuku. Hapo hatujataja fedha za kuendeshea shule wala zile za vyama vya siasa, ambazo nazo huitwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwandishi asemapo "malipo ya ruzuku kwa wakulima" kuhusu mpango huo wa 2022/23, anapotosha. Katika mpango huo mkulima halipwi. Yeye ndiye alipaye. Msomaji wa kijijini atangoja fedha mkononi, na zisipofika atamshuku mtendaji wake. Mwingine, aliyeidhania ruzuku kuwa hisani, akitozwa zaidi ya bei iliyotangazwa ataona haya kulalamika, kana kwamba anadai asichostahili. Hapo udhaifu wa istilahi umekuwa hasara ya mfukoni.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha watosha kufafanua. Muktadha humsaidia aliyesoma waraka mzima. Mkulima husoma tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ghala.

Kwa maoni yetu, ruzuku ibaki kuwa jina la fedha ambazo Serikali inazitoa kuchangia gharama. Anachopata mkulima dukani kiitwe punguzo la ruzuku. Anachopewa bila malipo kiitwe mgao wa bure. Na hati ya kununulia iendelee kuitwa vocha, neno ambalo wakulima wamekwisha kulizoea.

Kabla ya kuliandika neno hili, mfasiri, mwalimu na mtumishi wa umma hawana budi kujiuliza: ni nani atoaye fedha, na ni nani azipokeaye? Tangazo lisilojibu maswali hayo halijakamilika, hata kama sarufi yake haina dosari.