Bondia wa Kitui na barabara ya South Shields

Tarehe 20 Septemba 1992, bondia wa zamani kutoka Kitui alimaliza mbio huko South Shields, Uingereza, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni kwa wanaume. Benson Masya alitumia saa moja na sekunde 24. Antonio Silio wa Argentina alifuata sekunde 16 baadaye, kisha Mtanzania Boay Akonay, sekunde tano nyuma ya Silio. Kwa kasi ile, sekunde 16 ni kama mita 93: si pengo la bahati ya hatua za mwisho.

Ustadi ule ulitoka wapi? Mkenya akishinda mbio, watu hutaja damu, nyanda za juu, na mwendo wa kwenda shule kwa miguu. Kwa Masya hoja hizo zinapwaya. Mji wa Kitui uko kama mita 1,100 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Iten iko mita 2,400. Wala Masya hakuanzia riadhani. Alikuwa bondia wa uzani wa bantam, na bondia hufundishwa karibu kila kitu: namna ya kusimama, kuficha kidevu, kurudisha mkono usoni baada ya kurusha konde. Kiwiko kikikaa vibaya, kocha hukishika na kukirudisha mahali pake. Alfajiri bondia hutoka kukimbia, lakini mbio hizo ni za kutafuta pumzi, na hakuna anayemsahihisha hatua. Masya aliingia barabarani na mapafu, miguu na moyo wa kustahimili maumivu. Alichohitaji ni kujua namna ya kuvitumia kwa saa nzima bila kengele ya mapumziko.

Hapa ndipo barabara yenyewe inapoeleza mengi. Mbio zile ziliendeshwa ndani ya Great North Run, inayotoka Newcastle, ikavuka daraja la mto Tyne mapema, ikapita Gateshead na kuelekea pwani. Kuelekea mwisho kuna mwinuko mrefu usio mkali sana, unaokuja miguu ikiwa imeshachoka. Kisha ghafla barabara inaporomoka kwa mteremko mfupi mkali hadi ufukweni, na hapo bado kuna kilomita moja na nusu hivi ya tambarare. Mgeni akiiona bahari hudhani amefika. Hujiachia mteremkoni, mapaja yakagongwa na uzito wa mwili wake mwenyewe, halafu tambarare ile ikamtesa.

Masya hakuwa mgeni pale. Mwaka 1991 alishinda kwenye njia hiyo kwa 1:01:28. Mwaka mmoja baadaye alipunguza sekunde 64, yaani takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Sisemi kwamba zote zilitokana na kuijua njia. Ubingwa wa dunia huleta wapinzani wakali wanaokusukuma, na hali ya hewa haifanani kila mwaka. Lakini alirudi akashinda tena mwaka 1994 kwa 1:00:02, kisha 1996. Ushindi wa nne kwenye lami ileile hauelezwi na pumzi peke yake. Ni mtu anayejua atumie kiasi gani cha nguvu kwenye mwinuko na abakishe kiasi gani cha ufukweni.

Basi uzoefu umeyashinda mafunzo? Tuangalie kwanza kwa majirani, Machakos. Tarehe 25 Septemba 2011, jijini Berlin, Patrick Makau wa huko Machakos alikuwa akikimbia huku Haile Gebrselassie, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, amemganda mgongoni. Walipokaribia kilomita ya 27, Makau alianza kukata barabara kwa mshazari: akahamia upande mmoja, akarudi wa pili, akahama tena, kisha akaongeza kasi. Haile akaachwa, na muda si muda alikuwa amesimama kando ya barabara. Makau alimaliza kwa 2:03:38, sekunde 21 chini ya rekodi ya zamani.

Anayekimbia nyuma ya mwenzake hukingiwa upepo na kupumzisha akili, kwa sababu kazi ya kupima kasi anaifanya wa mbele. Makau alimnyang'anya Haile vyote viwili kwa gharama ya mita chache za ziada. Bondia angeutambua mchezo huo mara moja. Mbinu yenyewe unaweza kuichora ubaoni kwa dakika tano, mwanafunzi wa kidato cha kwanza akaielewa. Kigumu ni kuhisi kwamba mtu aliye mgongoni mwako yuko tayari kuvunjika sasa, si kilomita mbili mbele.

Kuna michezo ambayo namna mwili unavyosogea ndiyo ustadi. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72; hata hivyo alikuwa amekwenda Finland kufanya mazoezi chini ya kocha, kwa kuwa video haiwezi kukuambia mkono wako umechelewa. Katika mbio ndefu, jambo la kusahihishwa ni uamuzi, nao hauonekani kwa macho. Ndiyo maana makocha wetu wengi huuacha, wakaongeza mizunguko ya uwanja, wakasema kijana atajionea mwenyewe. Naona hapo tunawapunja vijana. Uzoefu unaweza kupangwa, na kuupanga ndiko kufundisha.

Mahali pa kuanzia papo: barabara ya lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui inaunganisha kaunti za Makueni na Kitui, na Makueni ina milima ya Mbooni na Kilungu kwa anayetaka miinuko. Mwalimu wa michezo awapeleke watimkaji wake kwenye kipande cha njia, wakitembee kwanza mpaka mwisho, wakubaliane wapi pa kubana na wapi pa kuachia. Kisha awavue saa. Kila mmoja ataje mapema muda atakaotumia kwa kilomita moja, akimbie, aambiwe muda wake halisi. Atakayefika mapema kuliko alivyosema amekosea sawa na aliyechelewa, na wote wawili warudie.