Mwizi wa Maji Yake Mwenyewe

Jamani, tusimwite Joe Mondragón shujaa kwa pupa. Katika riwaya ya John Nichols, The Milagro Beanfield War (1974), Joe hana itikadi yoyote. Ni mtu aliyechoka na vibarua. Anafungulia maji kwenye shamba la wazazi wake, anapanda maharage, basi. Balaa linaanzia hapo.

Milagro ni kijiji cha kubuni, lakini New Mexico ipo. Wanavijiji wa kule waligawana maji ya mifereji yao, acequia, kabla Meksiko haijaiachia Marekani nchi hiyo mwaka 1848. Kisha zikaja karatasi: maji chini ya sheria za jimbo, misitu chini ya serikali ya shirikisho. Mwenyeji akageuka mwizi kwao.

Dhamira kuu ndiyo hiyo: nani hasa mwizi? Kwa upande wa fani, silaha ya Nichols ni kicheko. Wakubwa wa serikali eti wanaogopa maharage! Hata mimi nilicheka. Lakini kicheko kina hasara yake. Ofisa akishakuwa kichekesho, tunasahau kuwa saini yake inaweza kukausha shamba bila yeye hata kukunja uso. Hadithi inaisha kwa shangwe, sheria ipo palepale. Filamu ya Robert Redford (1988) imezidisha utamu huo.

Basi msomaji, ukifunga kitabu usiulize kama Joe ameshinda. Uliza: mwakani, nani atamruhusu kufungulia maji?