Bei Chee ya Mnadani: Jinsi DT Kuukuu Inavyofufuliwa Tunduma

Tangazo la mnada wa mali chakavu za serikali halikosi maneno haya: mali itauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Hayo ndiyo yanayoshusha bei. Pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya ofisi mpaka matairi yakalala na kiti kikapasuliwa na jua haina dhamana, na wakati mwingine haina hata ufunguo. Mnunuzi hutoa amana papo hapo, kwa kawaida robo ya bei, na asipomalizia ndani ya siku zilizotajwa amana imekwenda. Ni katika minada ya namna hii ambako Yamaha DT na Honda XL hutoka kwa bei chee.

Mashine hizi hazikuletwa nchini kwa matembezi. Zilinunuliwa kwa ajili ya maafisa ugani, watu wa chanjo na miradi ya maji, wafike vijijini ambako gari halifiki, na ndiyo maana nyingi hufika mnadani zikiwa bado na namba za STK, SM, SU au DFP. Zilibuniwa kwa njia mbovu na safari za mchana kutwa, na sifa hizo hizo ndizo anazozitafuta msafiri wa leo mwenye mfuko mwembamba.

Kwa mnunuzi wa Tunduma, udogo wa bei pekee hautoshi. Anachopaswa kujua ni spea zipi atazipata kati ya Tunduma, Vwawa, Mlowo na Mbeya, na zipi zitamlazimu kuagiza Kariakoo, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Orodha hiyo ya pili ndiyo bei halisi ya pikipiki.

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una lami nzuri na njia ngumu kwa pamoja. Barabara kuu ya TANZAM hupita Mlowo na Vwawa hadi mpakani, na kutoka Tunduma lami nyingine huelekea Sumbawanga. Ukiiacha lami kwenda milima ya Ileje au kushuka bonde la Rukwa upande wa Kamsamba, unakutana na vumbi, mawe na tope la masika. Huko gurudumu la mbele la inchi 21 la DT hupanda kingo za makorongo ambazo gurudumu la inchi 17 au 18 la bodaboda hugonga na kuzama.

Barabara ya TANZAM imezoea wasafiri wa mbali. Mwaka 1973 mwandishi Ted Simon aliondoka London juu ya Triumph Tiger 100 ya cc 500, akashuka kupitia Kenya, Tanzania na Zambia hadi Afrika Kusini, mwanzo wa safari ya miaka minne kuzunguka dunia. Miaka 10 baadaye Yamaha ilitoa XT 600 Ténéré, yenye tanki la karibu lita 30, na mpaka leo wapenda safari huiota. Tatizo ni pistoni yake ya milimita 95. Ikifa Tunduma, hakuna duka lenye kitu kinachoikaribia, na pikipiki itakaa miezi ikisubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

DT 175 ni habari nyingine. Ukoo wake ulianza na DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, na muundo haukuachana sana na wa babu yake: silinda moja inayopozwa kwa upepo, kipenyo milimita 66, mwendo wa pistoni milimita 50, cc 171. Ni injini ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli. Haina kemushafti wala valvu za kusetiwa. Fundi mwenye spana za kawaida anaweza kufungua kichwa na silinda bila kushusha injini kwenye fremu.

Lakini karatasi zinatangulia spana. Namba ya chesisi hupigwa kichwani mwa fremu, pale usukani unapoingilia, na hufichwa na kutu, grisi na rangi ya mkono wa pili. Husafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha ikalinganishwa na kadi tarakimu kwa tarakimu, halafu namba ya injini nayo vivyo hivyo. Mshono wa kuchomelea jirani na namba ni sababu ya kuondoka. Pikipiki ya mnada wa ndani inahitaji barua na risiti za mnada, pamoja na TIN ya mnunuzi, ili TRA wambadilishie umiliki na kumpa namba za kiraia zinazoanza na MC.

Pikipiki ya Nakonde, upande wa pili wa mpaka nchini Zambia, ina hesabu nyingine. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, kuvuka ni kwepesi kuliko zamani, ila kodi haijapungua kwa sababu hiyo. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa pikipiki ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru. Pikipiki iliyothaminiwa shilingi 1,000,000 hudaiwa 250,000 za ushuru na 225,000 za VAT, jumla 475,000 kabla ya tozo nyingine. Nafuu ya SADC haiisaidii, kwa kuwa nafuu hiyo hufuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, na DT haikutengenezwa Zambia. Tena forodha hailazimiki kukubali bei waliyopatana muuzaji na mnunuzi, kwa hiyo bei ya kutupa ya Nakonde inaweza kuyeyuka dirishani.

Injini huchunguzwa kabla ya kupigwa kiki hata mara moja. Fundi anayeifahamu DT hufungua nati za ekzosi, akaivuta pembeni na kumulika tochi kwenye tundu la kutolea moshi. Hapo pistoni inaonekana kwa macho. Akiizungusha injini polepole kwa mkono, ataona ubavu wake wote: ukiwa laini na wa kijivu, kuna matumaini, ukiwa na mikwaruzo mirefu ya wima, injini imewahi kukamata, na silinda lazima ichongwe. Ringi isiyochezea inapobonyezwa na kijiti imegandishwa na kaboni. Ukaguzi huu hauhitaji kifaa cha bei, na humwonyesha mnunuzi mambo ambayo muuzaji hayajui au hataki kuyasema.

Jambo la pili ni pampu ya oili. DT ilitoka kiwandani na tanki dogo la oili ya 2T, na pampu inayopeleka oili kwenye injini kulingana na mkono wa mafuta. Pampu ikisumbua, mafundi wengi huifunga na kumwambia mwenye pikipiki achanganye mwenyewe: mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli, yaani moja kwa 25. Mpango huo unafanya kazi, alimradi kila anayeishika pikipiki aujue. Ikishauzwa, mmiliki mpya huona tanki la oili limejaa, akaweka petroli tupu, na ndani ya kilomita chache pistoni inaganda kwenye silinda. Kwa hiyo bomba la pampu hufuatiliwa mpaka mwisho kabla ya kuamini kitu. Pampu ikirudishwa kazini, hutolewa hewa kwanza, na tanki la kwanza la petroli huchanganywa oili hata hivyo, kwa tahadhari.

Kuchonga silinda kunahitaji mashine na mikono iliyozoea, na wengi huipeleka Mbeya, kilomita 100 na ushee. Pistoni za ziada huja kwa hatua za 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na silinda huchongwa kuifuata pistoni iliyo mkononi, kwani nafasi kati ya hizo mbili hupimwa kwa mia za milimita. Hapa fundi aliyezoea bodaboda za mipigo minne anaweza kupotea. Silinda ya DT ina matundu ubavuni. Baada ya kuchongwa, kingo zake hubaki kali kama wembe, na ringi ikipita hukwama na kukatika. Kingo hizo hupigwa msasa mpaka ziishe ukali. Mshale juu ya pistoni huelekezwa kwenye ekzosi, ncha za ringi hukaa kwenye vipini vyake, na klipu za pini huwa mpya kila mara.

Sili za kranki ndizo zinazosahaulika. Ya kushoto, upande wa magneto, ikichoka huvuta hewa: injini inapanda mizunguko yenyewe na kuchemka. Ya kulia, upande wa klachi, huvuta oili ya gia, na moshi mweupe hauishi. Mpira uliokaa bila kazi miaka mingi umekauka, hivyo zote mbili hubadilishwa pamoja hata zikionekana nzima.

Nje ya injini, bodaboda ndiyo mkombozi. Tangu kanuni za leseni za mwaka 2010 ziipe biashara hiyo sura ya kisheria, maduka ya spea yamejaa kila mji wa njiani, na DT hula humo bila haya. Cheni yake ni ya 428, sawa na ya pikipiki za ukoo wa CG 125. Beringi huchongwa namba pembeni. Anayesoma 6202 au 6301 hununua kwa namba, si kwa jina la pikipiki. Kebo hukatwa na kufungwa kwa kipimo, breki shuu hubandikwa upya. DT za zamani zenye umeme wa volti 6 hutiwa regyuleta ya volti 12 ya bodaboda na balbu zake, na koili ikishindwa fundi huisuka upya.

Visivyopatikana humo ni vichache na vinajulikana: pistoni na ringi, sili za kranki, CDI, mpira wa kabureta na tairi la mbele la inchi 21. Hata plagi ni tofauti, kwani ya CG ina uzi wa milimita 12 na ya DT milimita 14. Hivi huagizwa mara moja, katika kifurushi kimoja cha basi, kabla injini haijafunguliwa. Kuagiza kimoja kimoja ndiko kunakoacha pikipiki nyingi zikiwa mifupa kwenye gereji.

Kabureta humaliza kazi, na jiografia ya Songwe inaipa mtihani wake. Nyanda za Mbozi na Tunduma ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari. Ziwa Rukwa liko takriban meta 800. Hewa ni nyepesi juu na nzito bondeni, hivyo jeti iliyochaguliwa kwa Vwawa inaweza kunyima injini petroli ikishuka Kamsamba. Kwa mipigo miwili, upungufu wa petroli ni upungufu wa oili pia. Fundi makini huchagua jeti ya bondeni na kuvumilia plagi nyeusi kidogo mlimani. Jeti husafishwa kwa upepo. Uzi wa kebo ya breki, silaha ya gereji nyingi, hupanua tundu na kuharibu kipimo chote.

Majaribio huanza bila haraka, kwa mwendo unaobadilika na mapumziko ya kupoza injini. Kwenye mteremko mrefu kama wa Senjele, njia ya kwenda Mbeya, mkono wa mafuta haufungwi moja kwa moja. Huguswa kila mara ili oili ifike kwenye pistoni. Baada ya kilomita 500 nati za kichwa hukazwa tena, rangi ya plagi hukaguliwa na cheni hurekebishwa. Rangi ya tanki na kiti kipya hungoja hatua hiyo ipite salama.

Mnadani, mambo matatu yanatosha kumrudisha mtu nyumbani: namba ya chesisi isiyolingana na karatasi, kasha la injini lililopasuka, na magneto iliyonyofolewa. La kwanza haliuziki kwa bei yoyote. Mawili ya mwisho, bei ikishuka chini ya ile ya jozi ya matairi mapya, pikipiki inaweza kununuliwa kwa ajili ya spea: silinda, gia na rimu ya inchi 21, za kuihudumia DT nyingine iliyokwisha kusimama.