Nani Amkomboe Yusuf? Hatia, Rehani na Tofauti za Usomaji wa Riwaya ya Peponi Katika Muktadha wa Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kwa nini wasomaji hutofautiana kuhusu hatia na ukombozi katika Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise (1994). Tafsiri hiyo ilifanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanadai kwamba tofauti hizo hazitokani na kiasi cha huruma ambacho msomaji anacho kwa mhusika mkuu. Zinatokana na mahali anapoanzia kuhesabu deni. Historia ya Tabora na njia ya kale ya misafara inatumiwa kupima aina tatu za usomaji, na inaonyesha kwamba kila moja huacha sehemu ya deni bila mdaiwa.

1.0 Utangulizi

Peponi ni riwaya ya mtoto aliyewekwa rehani. Yusuf ana umri wa miaka kumi na miwili anapochukuliwa kutoka Kawa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Akiwa dukani pwani, Khalil, kijana aliyemtangulia katika hali hiyohiyo, anamfahamisha kwamba Aziz si ami yake, na kwamba yeye yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake. Kuanzia hapo msomaji anabeba swali ambalo riwaya hailijibu: nani mwenye hatia, na nani atamkomboa Yusuf?

Kiswahili kinalipa swali hili uzito wa pekee. Kitenzi komboa hutumika kwa kitu kilichowekwa rehani, kwa mtumwa anayelipiwa ili awe huru, kwa nchi inayojitoa katika utawala wa kigeni na kwa roho inayotolewa katika dhambi. Msomaji wa Kiswahili anapouliza kama Yusuf amekombolewa, maana hizo nne humjia pamoja, na kila moja humwelekeza kwa mkombozi tofauti: mdaiwa aliyeweka rehani, mfadhili mwenye fedha, wananchi wenyewe, au Mungu.

Uhakiki mwingi wa riwaya hii, ambayo iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994, umeisoma kama jibu kwa maandishi ya Kizungu kuhusu safari za bara, hasa Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Wahakiki wengine wameonyesha uhusiano wake na masimulizi ya Kiswahili, hasa simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande iliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901). Mikabala yote miwili ina manufaa. Hata hivyo, wa kwanza unaitazama njia ya misafara kutoka Ulaya, na wa pili unaitazama kutoka pwani. Makala haya yanaitazama kutoka katikati yake, yaani Unyanyembe.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser katika Chuo Kikuu cha Konstanz, inashikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi hukamilika katika kukutana kwake na msomaji. Dhana mbili zinatosha kwa uchambuzi huu. Ya kwanza ni upeo wa matarajio, yaani jumla ya tajriba, imani na matini ambazo msomaji anakuja nazo. Ya pili ni mapengo, yaani sehemu ambazo matini inanyamaza na kumwachia msomaji kazi ya kujaza. Katika Peponi pengo kuu ni ukombozi wenyewe: hatia imejaa kila mahali, lakini tendo la kuifuta halionekani. Mapeo matatu yanayojaza pengo hilo yanachambuliwa hapa chini.

3.0 Uchambuzi

3.1 Ukombozi kama zawadi kutoka nje

Upeo wa kwanza ulijengwa na masimulizi ya kukomeshwa kwa utumwa. Mfano wake mashuhuri katika Kiswahili ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934), inayosimulia watu waliotekwa, wakaokolewa baharini na Waingereza na kupewa makazi Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu hicho kilisomwa sana shuleni wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wahakiki wengi walikilaumu kwa kumtukuza mkoloni na kumtwika Mwarabu hatia yote. Mabadiliko hayo ya mapokezi yanathibitisha hoja ya Jauss: matini ilibaki ileile, upeo ndio uliohama.

Msomaji wa upeo huu akifika katika mji wa Chatu hudhani amepata mkombozi. Msafara wa Aziz umenyang'anywa mali na kuzuiliwa, ndipo anapotokea Mjerumani na askari wake na kuamuru mali irudishwe. Lakini riwaya haimruhusu msomaji kushangilia. Anachokirudisha Mjerumani ni bidhaa. Yusuf, ambaye naye ni dhamana ya deni, hakuna anayeuliza habari zake.

Historia ya njia hii inaunga mkono mashaka hayo. Utawala wa Kijerumani haukufuta utumwa kwa mkupuo. Uliweka taratibu za watumwa kupata hati za uhuru, ikiwamo kujikomboa kwa malipo, na ukatangaza kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wilaya ya Tabora ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na watumwa wengi zaidi. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitoka chini ya Waingereza mwaka 1922. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu wa Unyanyembe aliyetaka uhuru alitakiwa aununue kutoka kwa yule aliyemnyima.

Kauli ya Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz, inagusa jambo hilohilo. Alipopewa uhuru na bibi yake aliukataa kwa hoja kwamba anayeutoa hakuwahi kuumiliki. Wapo wasomaji wanaomwona Hamdani kama mtumwa aliyeizoea minyororo yake. Usomaji huo unavutia, lakini unakosa nguvu ya hoja yake. Kupokea uhuru kama zawadi ni kukiri kwamba mtoaji alikuwa mwenye mali halali.

3.2 Hatia kama mirathi ya kundi

Upeo wa pili unaitazama hatia kama jambo la kundi: tabaka, kabila au asili. Katika riwaya msemaji wake mkuu ni Chatu. Mfanyabiashara mmoja aliyetangulia aliwadhulumu watu wake, na sasa deni hilo analidai kwa Aziz, kwa sababu wote wawili wametoka upande mmoja na kwa shughuli moja. Msomaji mwenye hasira ya haki humwunga mkono Chatu. Msomaji mwingine huona kwamba Aziz anaadhibiwa kwa kosa asilolitenda.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na riwaya haimwokoi yeyote. Aziz hana hatia katika dhuluma ile mahususi, lakini biashara yake inasimama juu ya mfumo uliozaa dhuluma hiyo. Kwa upande wake, Chatu ana haki ya kudai, ila wanaoumia kwa dai lake ni pamoja na wapagazi ambao hawakuwa na hisa katika faida.

Uzito wa jambo hili unavuka mipaka ya fasihi. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na akaondoka akiwa kijana, baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika kipindi hicho dai la hatia ya kurithi lilitumiwa kuhalalisha mateso ya watu ambao hawakuwahi kumuuza mtu yeyote. Msomaji anayemkubali Chatu bila sharti analazimika kueleza angesimama wapi mwaka huo. Hali kadhalika, msomaji anayemkataa kabisa analazimika kueleza walionyang'anywa wangedai kwa nani, ikiwa kila mdaiwa anaweza kusema hakuwapo.

3.3 Matarajio ya kisa cha Nabii Yusuf

Upeo wa tatu ni wa kidini. Jina la Yusuf, mke wa tajiri aitwaye Zulekha anayemtamani na kanzu inayochanika kwa nyuma ni ishara ambazo msomaji Mwislamu anazitambua mara moja. Kwa Tabora, mojawapo ya vituo vya kale vya Uislamu bara, upeo huu una mizizi. Kisa cha Nabii Yusuf kinamzoesha msomaji kutarajia mambo matatu: aliyeuzwa atainuliwa, waliomuuza watakiri, naye atawasamehe.

Peponi inayanyima matarajio yote matatu. Yusuf hainuliwi, aliyemtoa haji kuungama, na hivyo hana wa kumsamehe. Baadhi ya wasomaji hulalamika kwamba riwaya ina huzuni isiyo na malipo. Hata hivyo, msingi wa toba unaofahamika kwa msomaji huyohuyo unaeleza ukimya huo. Dhambi inayogusa haki ya mja haifutwi kwa majuto peke yake, kwani aliyedhulumiwa anapaswa kurudishiwa haki yake au kuombwa radhi. Aziz ni mpole, mcha Mungu na mwenye maneno mazuri. Upole huo haupunguzi deni, kwa kuwa mwenye haki hajaulizwa.

3.4 Khalil na malipo yasiyoisha

Mhusika anayewagawa wasomaji zaidi ni Khalil. Yeye na Amina, msichana aliyelelewa nyumbani kwao kama ndugu yake, waliwekwa rehani kwa deni la baba yao. Amina alipoolewa na Aziz deni lilihesabiwa kuwa limelipwa, na Khalil akawa huru kuondoka. Hakuondoka. Alibaki dukani, akiendelea kumwita tajiri wake seyyid.

Kwa wasomaji wengine Khalil ni mfano wa akili iliyotawaliwa. Kwa wengine ndiye mhusika pekee anayetubu, kwa kuwa anakataa kufaidi uhuru ulionunuliwa kwa mwili wa ndugu yake. Makala haya yanaona kwamba usomaji wa pili una mashiko zaidi, lakini unahitaji sharti moja: kujinyima kwa Khalil hakumsaidii Amina. Anailipa aibu yake mwenyewe, na anayeyapokea malipo hayo, yaani kazi ya mikono yake, ni Aziz. Hatia imebebwa na asiye mdaiwa, na faida imekwenda kwa asiye mdai. Katika riwaya nzima hakuna mahali panapoonyesha kwa uwazi zaidi tofauti kati ya kutubu na kukomboa.

3.5 Usomaji kutoka Tabora

Mapeo yote matatu yanahitaji mkosaji na mkoswaji wanaotengana waziwazi. Tabora inauvuruga mpango huo. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara kutoka pwani uliokuwa ukitegemea watawala wa Unyanyembe. Baba yake Tippu Tip alifanya makazi hapo na kuoa katika nyumba ya mtemi Fundikira. Watemi walitoza hongo. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu wakiwa wapagazi wa ujira, na baadhi yao walimiliki misafara na watumwa wao wenyewe. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliyapiga vita maslahi ya wafanyabiashara wa pwani, huku naye akiitaka biashara hiyohiyo. Isike, aliyejilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893 Wajerumani walipoivamia, ni shujaa wa upinzani, na wakati huohuo ni mrithi wa utawala uliostawi kwa misafara.

Hata jina la njia lina mgogoro. Tanzania iliiweka katika orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006 kama njia ya utumwa na pembe za ndovu, na Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872, ni mojawapo ya vituo vyake. Mwaka huohuo mwanahistoria Stephen Rockel alichapisha utafiti unaosisitiza kwamba wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa vibarua huru wenye utamaduni na fahari ya kazi yao. Jina la kwanza linahifadhi kumbukumbu ya maumivu, na utafiti wa pili unahifadhi heshima ya watenda kazi. Peponi inavibeba vyote: mnyapara Mohammed Abdalla ni katili, lakini msafara anaouongoza una ngoma, tarumbeta na majivuno.

Kipalapala, karibu na Tabora, inaongeza jambo moja. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika walilea hapo watoto waliokombolewa kwa malipo. Mtoto aliyelipiwa aliondoka mikononi mwa mwuzaji, na tendo hilo halipaswi kubezwa. Lakini ukombozi wa fedha ulimpa mlezi mpya aliyeamua lugha, dini na kazi yake. Kukombolewa kulikuwa pia kuhama kutoka kwa mdai mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwisho wa riwaya unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa hivyo. Yusuf anaifuata mbio safu ya askari wa Kijerumani huku milango ya bustani ikisikika ikifungwa nyuma yake. Wanaosema amejikomboa wanaona uamuzi wake wa kwanza. Wanaosema amejisaliti wanaona bunduki atakayobebeshwa. Kwa mtazamo wa Unyanyembe hakuna ulazima wa kuchagua. Yusuf anaondoka kwa Aziz bila deni kulipwa, na anajiweka rehani mwenyewe kwa mdai ambaye masharti yake bado hajayasikia.

4.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba wasomaji wa Peponi hawatofautiani kwa sababu baadhi yao wana huruma na wengine hawana. Anayeanzia kwenye tangazo la uhuru humsubiri mkombozi wa nje. Anayeanzia kwenye dhuluma ya kundi humtafuta mrithi wa mkosaji. Anayeanzia kwenye kisa kitakatifu husubiri ungamo. Riwaya inawanyima wote watatu, na historia ya Tabora inaonyesha kwamba kunyimwa huko kuna msingi: katika njia ile mtu mmoja aliweza kuwa mpagazi, mdai na mdaiwa katika msimu mmoja.

Matokeo haya yana maana kwa ufundishaji wa riwaya hii, hasa katika maeneo ambako wazao wa watumwa na wazao wa wamiliki ni majirani, wakwe na waumini wa msikiti au kanisa moja. Swali la nani ana hatia likiulizwa darasani peke yake linaweza kugeuka kuwa swali la ukoo wa nani. Linapaswa kufuatwa na swali ambalo Aziz hakuwahi kumwuliza Yusuf, wala Khalil kumwuliza Amina: mwenye haki mwenyewe anadai nini? Katika Peponi Amina ndiye aliyetolewa ili deni liishe, na ndiye ambaye wahakiki wamemsikiliza kwa uchache. Tafiti zijazo za hatia na ukombozi katika riwaya hii zinapendekezwa zianzie kwake.