Penzi Lililofunika Baraza: Uhakiki wa Filamu ya A United Kingdom

Filamu ya A United Kingdom (2016), iliyoongozwa na Amma Asante, inasimulia ndoa ya Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wangwato huko Bechuanaland (Botswana ya leo), na Ruth Williams, karani Mwingereza. Walioana London mwaka 1948. Ni filamu inayogusa moyo. Hata hivyo, kwa kulitanguliza penzi, inalipunguzia uzito swali kubwa zaidi: nani alikuwa na haki ya kumwamua mtawala wa Wangwato?

Kwanza, tumtazame Tshekedi, baba mdogo wa Seretse, aliyeshika utawala kwa niaba yake tangu 1926. Katika filamu tunamwona zaidi kama mzee mwenye hasira. Lakini hoja yake ilikuwa na mizizi katika mila: mke wa chifu ni mama wa watu wote, hivyo haolewi bila wao kuulizwa. Hoja hiyo ilisikilizwa mahali pake, yaani katika baraza liitwalo kgotla. Mwishoni mwa 1948 baraza liliketi mara mbili bila kuikubali ndoa. Juni 1949 liliketi tena, na maelfu wakasimama upande wa Seretse. Wenye mgogoro walikuwa wameuamua wenyewe.

Pili, lawama za Uingereza zimetwishwa kwa kiasi kikubwa maofisa wawili wa kubuni, Canning na Lancaster, wenye dharau ya wazi. Mtazamaji anawachukia, kisha anasahau kuuchunguza mfumo. Ukoloni haukuhitaji watu wenye nyuso mbaya. Ulihitaji tume na barua. Tume ya Harragin ilikiri kwamba Seretse anafaa, ila ndoa yake ingeiudhi Afrika Kusini ya Malan. Ripoti ikafichwa. Machi 1950 Seretse akazuiwa kurudi kutawala, na Tshekedi naye akapigwa marufuku kukaa katika ardhi ya Wangwato. Ndugu wawili wakaondolewa, na mkuu wa wilaya Mwingereza akakalia mamlaka. Serikali iliyodai kuepusha mfarakano ndiyo iliyoupa uhai mpya. Evelyn Baring alipoitisha baraza Serowe, watu walisusa.

Seretse alirudi mwaka 1956 baada ya kuukana uchifu, na miaka kumi baadaye akawa rais wa kwanza wa Botswana. Huo ni mwisho mtamu kwa filamu, ila haufuti kilichotendeka.

Sisi tunaosoma Uganda tunayo sababu ya kuitazama filamu hii kwa jicho kali. Mwaka 1953 Gavana Cohen alimwondolea Kabaka Mutesa II utambuzi na kumpeleka Uingereza. Hapakuwa na ndoa ya kulaumiwa. Silaha ilikuwa ileile: neno "kutambua", mikononi mwa asiyechaguliwa na yeyote barazani.