Utafutaji wa Makala na Kasoro Zake

Kukosa kukiona kitu si dalili ya kutokuwapo kwake. Jambo hili hulijua kila mchungaji aliyepata kupotelewa na ng'ombe, lakini msomi hulisahau upesi aketipo mbele ya kompyuta kutafuta makala katika maktaba za mtandaoni. Huandika neno moja, hungoja kidogo, na akiona ukurasa mtupu hutangaza katika tasnifu yake kuwa mada hiyo haijapata kushughulikiwa. Hukumu hiyo ni nzito, maana huwafuta kwa mkupuo mmoja watu waliotangulia kuandika.

Tuchukue mfano wa Sapiwi, kata iliyomo katika wilaya ya Bariadi. Mwanafunzi atakaye habari za ngoma, kilimo cha pamba au utawala wa jadi wa huko huanza kwa jina la Simiyu. Lakini mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, na zama za Waingereza ilihesabiwa katika wilaya ya Maswa, Jimbo la Ziwa. Wenyeji nao huiita Ntuzu. Mwandishi wa mwaka 1950 angewezaje kuutaja mkoa ambao haujakuwapo? Hana budi mtafutaji kuyajua majina yote ambayo mahali pamepata kuitwa, na kuyajaribu moja baada ya jingine.

Watu na majarida nao hubadili majina. Hans Cory, aliyeandika sana juu ya Wasukuma, hapo awali aliitwa Koritschoner, na makala yake ya mwaka 1936 juu ya ngoma ya sheitani ina jina hilo la kwanza. Jarida la Kiswahili, katika miaka ya 1960, liliitwa Swahili. Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, baadaye likawa Tanzania Notes and Records. Ajuaye jina moja tu amefungua mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Kasoro iliyo kubwa zaidi imo katika lugha. Hifadhidata hizi zilibuniwa na watu ambao maneno ya lugha zao hugeuka mwishoni. Kwa hiyo walimpa mtafutaji kinyota cha kuweka mwisho wa neno, ili mzizi mmoja ulete jamaa zake wote. Kiswahili hugeuza mwanzo: shairi, mashairi, mshairi, ushairi. Kinyota cha mwishoni hakitufai hapo, na hifadhidata nyingi, JSTOR ikiwa mojawapo, hazikubali kinyota kikae mwanzoni. Chombo kilichosifiwa kuwa ni cha watu wote kumbe kilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja.

Hata hivyo lawama peke yake haimfikishi mtu popote, na dawa ipo. George Boole, katika kitabu chake cha mwaka 1854, alionyesha kuwa fikira zaweza kuunganishwa kwa kanuni kama za hesabu, na kanuni hizo ndizo zinazotumika leo. Neno OR hupanua wavu. Neno AND huubana. NOT huondoa yasiyotakiwa, nalo litumiwe kwa hadhari kwa sababu huweza kutupa ngano pamoja na makapi. Basi na tuandike shairi OR mashairi OR ushairi, tuyatie katika mabano, kisha tuongeze AND na Sukuma OR Wasukuma OR Basukuma. Jina la maneno mawili, kama Shaaban Robert, litiwe katika alama za mtajo lisitawanyike. Makala moja njema ikipatikana, tutazame vichwa vya mada iliyowekewa, kwani hayo ndiyo maneno ya mkutubi mwenyewe. Tutazame pia marejeo yake, maana mwandishi mmoja humjua mwenzake kuliko mashine imjuavyo. Wala tusikome katika hifadhidata moja: AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika ambayo huenda kwingine hayamo.

Mwisho tujikosoe sisi tunaoandika. Mara ngapi tumeipa makala jina la fumbo, tukaacha kutaja mahali, kabila wala mwaka? Mara ngapi tumeandika ikisiri kama watu wanaotimiza wajibu tu? Makala isiyotaja majina yake yote, ya kale na ya sasa, imezikwa na mwandishi wake. Kijana wa Sapiwi akiitafuta asiione, atasema kwao hakukuandikwa kitu, naye ataamini hivyo. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Lakini ni haki yake kwamba aliyeweka kitu aliacha na alama.