Neno Upenu na Nyumba za Songea

Methali yasema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maana yake yajulikana: tusidanganywe na uzuri wa nje. Walakini tukiichukua kuwa neno juu ya nyumba zenyewe, twaona imeruka mahali pamoja, palipo kati ya njia na mlango. Mahali hapo ni upenu. Hapa Songea upenu wapungua katika nyumba nyingi mpya, na pamoja nao yapungua mambo ambayo hakuna aliyekusudia kuyaacha.

Upenu ni ukingo wa paa uliotokeza nje ya ukuta. Hapo kale katika nchi hii ya Wangoni nyumba ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa nyasi. Mvua za Songea huanza karibu na Desemba na kuendelea hata Aprili, na ukuta wa udongo ukipigwa na maji miezi hiyo yote humomonyoka. Kwa hiyo mjenzi aliliteremsha paa mbali na ukuta. Hakukusudia kuwafanyia watu mahali pa kukaa. Alikusudia kuulinda ukuta. Lakini watu waliona kwamba pale pana kivuli, tena pakavu, wakafinyanga kibaraza cha udongo, wakakaa. Huko pwani, Unguja na Lamu, baraza ya mawe ilijengwa makusudi kando ya mlango. Huku kwetu ilizaliwa na mvua.

Kisha yakaja matofali ya kuchoma na mabati. Tofali lililochomwa vema haliogopi mvua kama udongo, na bati hununuliwa kwa fedha. Basi fundi hulikata paa karibu na ukuta, na hesabu yake ni sawa. Kosa lake ni moja tu: amehesabu haja za ukuta, hakuhesabu haja za watu.

Na tutazame ni nani aliyekaa pale. Ni mzee asiyeweza tena kwenda shamba: aliwaona wapitao, akasalimiwa mara nyingi kwa siku, wala hakuhitaji kuomba kutembelewa. Ni mfiwa, ambaye huzuni humzuia kunena, naye hataki kuachwa. Ni mgeni apigaye hodi mvua inyeshapo. Chini ya upenu mtu yu pamoja na watu, lakini hajafungwa nao. Akitaka hunena, akitaka hunyamaza. Palipo na ukuta na mlango tu, amebakiwa na mambo mawili: kufungiwa peke yake, au kungoja kukaribishwa.

Tulipata kumwamkia bibi mmoja aliyejengewa na wanawe nyumba ya matofali, yenye sakafu ya saruji na madirisha ya vioo. Hatukumkuta humo. Alikuwa nyuma, katika jiko la nyasi, ameketi juu ya kigoda penye moshi. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Wanangu wamenijengea vizuri, nawashukuru. Lakini huku nawasikia watu." Wanawe walidhani ni ukaidi wa uzee. Sisi twadhani alikuwa akitoa hukumu juu ya ramani ya nyumba, na hukumu yake ilikuwa ya haki.

Wataalamu nao wamelipima jambo lililo karibu na hili. Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi, wakahitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa hao ni wachache, wala miti si watu wapitao njiani. Hata hivyo twajifunza kwamba kile ambacho jengo humpa mtu kukitazama si pambo tu.

Labda msomaji atasema kwamba twasifu umaskini. Sivyo. Nyasi hushika moto na kuoza, na nyumba nyingi za kale zilijaa moshi na giza. Tena mbu aenezaye malaria huingia sana kwa mwanya ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa, na kuuziba mwanya huo ni faida kubwa. Lakini mwanya si upenu. Mwanya waweza kuzibwa kwa tofali au wavu, na paa likaendelea kutokeza nje. Wengi wameviondoa vyote viwili kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja.

Basi hatudai nyasi zirudi. Twadai kwamba upande wa mlango paa litokeze kadiri ya hatua mbili, na chini yake kiwekwe kibaraza. Gharama yake ni mabati machache na nguzo mbili. Fundi akileta ramani, mwenye nyumba huuliza vyumba ni vingapi. Ni swali jema, lakini na aongeze la pili: mama yangu atakaa wapi mchana? Fundi akikosa jibu, ramani hiyo haijakwisha.